Mizani ya Chai

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kama, kwa miaka yangu 68, niko tayari kuja Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo, ili magoti yapate nafuu na sukari ishuke. Karatasi ulizonitumia nimezisoma zote. Zinasema kwamba huondolewa takribani asilimia 80 ya tumbo la chakula, na linalobaki huwa jembamba mfano wa ndizi. Hapo nilicheka peke yangu, kwa kuwa ndizi hizi hizi za Tukuyu ndizo zilizonifikisha hapa.

Lakini kinachonizuia si kisu. Unaikumbuka siku ile kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, ulipokuwa umeshika kanga yangu? Karani alipomaliza kupima kikapu changu alisema kwa sauti kwamba sasa atundikwe mama mwenyewe, tuone kama ndoano itahimili, na foleni nzima ikacheka, na marehemu baba yako naye akacheka. Kicheko cha karani nilikisahau kabla sijafika nyumbani; cha baba yako ninakisikia hata leo ninapopanda mlima wa kanisani. Tangu hapo nimeshika neno moja: mwili wa mtu haupimwi mbele ya watu. Hata zahanati nimekuwa nikiwatajia kilo za kubuni.

Pengine ni kiburi cha kizee. Mwongozo wa madaktari wa upasuaji huu, ule wa mwaka 2022, unasema umri peke yake si kizuizi, bali hutazamwa udhaifu wa mwili, na mimi ndoo ya viazi bado naibeba. Hata hivyo, mtu wa umri wangu akikonda upesi hupoteza na misuli, mifupa nayo hupungua uimara, na vidonge vya vitamini B12, madini ya chuma na kalisi humezwa maisha yote. Nani atanisimamia huku Rungwe, mvua zikishika, nawe uko mbali? (Usinijibu kwamba simu ipo.)

Uamuzi sitoi leo, ingawa ulimi unaniwasha. Mwili wa mtu haupimwi mbele ya watu, nasema tena. Kwa hiyo niulizie kwanza jambo moja: mizani ya hospitali hiyo imewekwa ukumbini, au ndani ya chumba chenye mlango?

Mama yako