Usifunike maktaba nzima, mkuu
Mkuu, simamisha hiyo kompaila sasa hivi. Unasema ganda lako la Python (ule msimbo unaoiwezesha Python kuita C++) limekuwa kubwa kuliko maktaba ya C++ linayoifunika, unauliza kama strip, zana ya kupunguza ukubwa wa faili lililojengwa, italipunguza, halafu hapo hapo unataka kuongeza "aina zote za piseli ili tusirudi tena baadaye". Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, yakanila wiki tatu.

Nilikuwa nafunika maktaba ya kuchakata picha kwa SWIG, zana inayoandika ganda lenyewe. Aliyenitangulia kwenye mradi akasema weka kila kitu, nafasi ya diski si tatizo. Kumbe hakuwahi kulijenga hilo ganda hata mara moja! Hadi leo nina hasira naye, alivyosema kwa uhakika ule. Nikaweka aina 5 za piseli, kuanzia unsigned char hadi double, na picha za vipimo 2, 3 na 4. Sasa piga hesabu. Kichujio kimoja kinachopokea aina yoyote na kutoa aina yoyote ni 5 mara 5 mara 3: klasi 75. Kila klasi ikiwa na fanksheni 20, ganda linabeba fanksheni 1,500 kwa kichujio kimoja tu, na kila moja inakagua ilichopewa, inakigeuza kutoka Python kwenda C++, inaita, kisha inageuza jibu kulirudisha. Vichujio vyangu vilipita mia. Kufika hatua ya kuunganisha, memori ikaisha, mashine ikakwama usiku kucha.

Jambo ambalo hakuna aliyenieleza: violezo vya C++ (templates, klasi zilizoandikwa bila kutaja aina ya data) haviwi msimbo wa mashine mpaka mtu avitumie na aina fulani. Maktaba yako inaonekana ndogo kwa sababu sehemu kubwa bado imekaa kwenye mafaili ya heda. Ganda ndilo linaloviamsha vyote kwa mpigo. Wala kiunganishi (linker) hakiwezi kutupa visivyoitwa, maana jedwali la moduli limeshika kila fanksheni, na hakijui kesho skripti itaita ipi.

Strip piga, itaondoa majina na taarifa za kusaka hitilafu, lakini msimbo unabaki pale pale. Na kama umewasha directors za SWIG (zinazoiruhusu C++ kuita fanksheni ulizoandika upya kwenye Python) kwa klasi zote, zima. Ziachie zile tu unazozirithi upande wa Python.

Anza na faili tupu la kiolesura, lile linaloiambia SWIG ifunike nini. Pitia skripti zako, andika klasi zinazoitwa kweli, na hizo tu ndizo uziwekee %template, mstari unaoiambia SWIG itengeneze kiolezo kwa aina fulani. Nilipofanya hivyo nikakuta skripti zetu zote zinatumia float ya vipimo 3 na unsigned char ya vipimo 2, basi! Ujenzi wa usiku kucha ukawa unaisha nikiwa bado nimekaa kitini. Mwenzako akihitaji aina nyingine, unamwongezea mstari mmoja siku hiyo hiyo.

Bandika hapa orodha ya klasi zako kabla hujawasha tena, nitaipitia.