Kabla hujasaini hiyo posdoki, mtafute aliyeondoka

Juzi usiku nimekuta ujumbe inbox kutoka kwa mdogo wangu mmoja yuko Morogoro, ndo anamalizia PhD: "Shikamoo dada, nimepata posdoki Uingereza, chanjo za kuku, miaka miwili, nisaini?" (Posdoki ni ile kazi ya utafiti ya mkataba mfupi baada ya PhD.) Nikacheka peke yangu jikoni maana swali hilo hilo na mimi niliuliza miaka minne iliyopita, ila nilimuuliza bosi niliyekuwa naenda kumfanyia kazi. Sasa bosi atakwambia nini, usije?

Ngoja niwasimulie, najua wengi mnaonisoma mnazitafuta hizi hizi.

Mimi nilikuja kwa ajili ya chanjo ya protini dhidi ya Campylobacter, bakteria wa tumboni, maabara tunamwita Kampi. Huku kwa bakteria wanaosababisha watu kuharisha yeye ndo kinara, na sehemu kubwa anatoka kwenye nyama ya kuku. Kinachochekesha ni kwamba kuku mwenyewe kwa kawaida wala haonekani kuumwa, anakula, ananenepa, kumbe utumboni amebeba mabilioni. Wewe ukimeza mia kadhaa tu unaweza kuhamia chooni, na wachache miguu inakuja kuishiwa nguvu kwa ugonjwa wa Guillain-Barré. Kwa hiyo mpango ni kumchanja kuku ili apone mtu. Kwa Salmonella iliwezekana, Waingereza walianza kuchanja kuku wa mayai miaka ya 1990 na wagonjwa wakapungua sana, basi na mimi nikajiona tayari nimeshaingia kwenye historia, mama nyumbani anatangazia kanisa zima.

Tangazo la kazi halikusema kwamba kuku wa nyama anachinjwa ana wiki tano sita tu. Kifaranga anazaliwa na kinga ya mama yake, inamlinda kama wiki mbili hivi, na kinga hiyo hiyo inaweza kuivuruga chanjo yako, halafu inapoisha tu Kampi anaingia bandani. Sasa hapo chanjo ifanye kazi saa ngapi? Nyumbani kwa kideri unamdondoshea kuku tone moja jichoni, baada ya miezi mitatu unarudia, kuku wa kienyeji yupo tu anazunguka uani. Huku hana hiyo miezi mitatu.

Siku ya majibu sitaisahau. Nilikuwa nimepasua kuku tangu asubuhi, nimekamua ule uji wa kahawia wa mwisho wa utumbo (harufu yake hata nywele haitoki), nimeuzimua mara kumi mara kumi, nimepaka kwenye sahani za mkaa (visahani vyenye chakula cha kuoteshea bakteria), zimekaa nyuzi 42 siku mbili kwenye hewa yenye oksijeni kidogo maana hewa hii tunayovuta sisi Kampi haiwezi. Namba za makundi nilizifunika na karatasi ya gundi nisijue nani kachanjwa. Nikahesabu vidoa vya kijivu, ndo Kampi walioota, sahani moja moja, nikabandua karatasi. Sawa sawa. Waliochanjwa na wasiochanjwa, huwezi kuwatofautisha. Na antibodi, yaani kinga ambazo mwili unatengeneza ukichanjwa, kwenye damu zilikuwa zimepanda vizuri kweli, bosi alishazionyesha mpaka mkutanoni, ila kule utumboni Kampi hana habari nazo.

Bosi akasema rudia. Nikarudia mara tatu, mkataba ukaisha.

Sasa kilichoniuma. Mwaka jana kwenye mkutano nipo foleni ya kahawa, kaka mmoja akasoma beji yangu akaniuliza, "Bado mnahangaika na ile protini?" Yaani ile ya chanjo yetu. Kumbe ndo aliyekaa kwenye meza yangu kabla yangu. Akafungua laptop pale pale akanionyesha grafu, na ilikuwa grafu yangu, nguzo mbili urefu mmoja, waliochanjwa na wasiochanjwa, ya miaka mitatu kabla sijafika. Haikuchapishwa popote. Nililia kwenye treni, sijui kama niliwalilia kuku au miaka yangu.

Kwa hiyo ndugu zangu, mtafuteni aliyeondoka. Angalia machapisho ya zamani ya hiyo maabara, jina ambalo lilikuwepo halafu likapotea, huyo ndo mtu wako. Mpigie simu, usimwandikie, mtu hawezi kumwandika bosi wake wa zamani kwenye imeili lakini kwa simu ataguna na ule mguno unatosha. Muulize mlijaribu nini kikagoma. Na wewe kikigoma chako kiandike, acheni kuona aibu, hii aibu yetu ya kuficha yaliyoshindikana ndo inawapotezea wengine ujana, na kuku wanachinjwa bure! Yangu nimeyaweka bioRxiv, tovuti ya kuweka tafiti wazi kabla ya jarida, mwezi uliopita, nguzo mbili urefu mmoja, jina langu na la yule kaka.

Mdogo wangu wa Morogoro nimekaa naye kwenye simu tukamsaka aliyemtangulia, dakika kumi tu tukampata. Alisema anampigia jana saa mbili usiku. Mpaka sasa hivi hajaniambia wameongea nini, ila nimeona alikuwa hewani mpaka saa tano.