Maswali na majibu: kutolingana na fanksheni za kipeo cha pili darasani

Maswali haya yametoka kwa walimu wa hisabati wa sekondari. Karibu yote yana chanzo kimoja: mwanafunzi anaichukulia alama ya < au > kama alama ya = iliyobadilishwa sura tu. Anatafuta namba mbili, anazipata, anaweka kalamu chini. Hajajua kwamba anachoulizwa ni sehemu nzima ya mstari wa namba.

Wanafunzi wangu wakipewa x² < 9 wanaandika x < ±3. Nasahihisha, wiki ijayo wanarudia. Nifanyeje?

Kosa hili wamelitoa kwenye x² = 9. Huko walifundishwa kutafuta kipeuo cha pili pande zote na kuweka ±, nao wameihamisha kanuni ilivyo. Ukiwapa kanuni nyingine juu ya hiyo, watazichanganya zote mbili. Anza na namba.

Andika ubaoni x kuanzia −5 hadi 5, chini yake wajaze x², kisha wazungushie zile zilizo chini ya 9. Zitabaki −2, −1, 0, 1 na 2. Sasa uliza: −5 ni ndogo kuliko 3? Ndiyo. Je, (−5)² iko chini ya 9? Hapana, ni 25. Hapo wanaona wenyewe kwamba "x < 3" haitoshi. Usiishie hapo. Waulize kuhusu 2.9 na −2.99, kwa sababu jedwali la namba kamili huwaacha wengi wakiamini kwamba majibu ni matano tu.

Baada ya hayo ndipo uandike x² − 9 < 0, halafu (x − 3)(x + 3) < 0. Zao la namba mbili huwa hasi pale moja inapokuwa chanya na nyingine hasi, na hilo hutokea kati ya −3 na 3. Jibu: −3 < x < 3.

Siku hiyohiyo wape x² > 9. Wapo watakaoandika 3 < x < −3. Wasomeshe kwa sauti walichoandika: 3 ni ndogo kuliko x, na x ni ndogo kuliko −3. Basi 3 ni ndogo kuliko −3! Jibu sahihi lina vipande viwili, x < −3 au x > 3, na neno "au" ni sehemu ya jibu. Anayeliacha hajamaliza swali.

Nifundishe kwa grafu au kwa kupima namba kwenye mstari wa namba?

Kwa grafu kwanza. Mwanafunzi aliyeona parabola, yaani mkunjo wa grafu ya kipeo cha pili, ikishuka chini ya mhimili wa x na kupanda tena anajua kwa nini jibu ni kipande kimoja au viwili. Kupima namba ni njia ya haraka ya baadaye, na ni nzuri sana kwa kuhakiki.

Chukua x² − 2x − 8 ≤ 0. Vigawo ni (x − 4)(x + 2), kwa hiyo mipaka ni −2 na 4. Mipaka hiyo inagawa mstari sehemu tatu. Pima namba moja katika kila sehemu: x = −3 inatoa 7, x = 0 inatoa −8, x = 5 inatoa 7. Tunataka hasi au sifuri, basi ni sehemu ya katikati pamoja na mipaka yenyewe: −2 ≤ x ≤ 4. Kwa ≤ na ≥ duara la mpakani hujazwa. Kwa < na > huachwa tupu. Na 0, ikiwa si mpaka, ndiyo namba rahisi kuliko zote kupima. Wazoeshe kuanza nayo.

Ni lini hasa alama inageuka?

Unapozidisha au kugawa pande zote kwa namba hasi. Ukijumlisha au kutoa, haigeuki kamwe. Kwa −x² + 5x − 6 > 0, zidisha kwa −1 upate x² − 5x + 6 < 0, yaani (x − 2)(x − 3) < 0, na jibu ni 2 < x < 3. Hakiki kwa 2.5 katika swali la mwanzo: −6.25 + 12.5 − 6 = 0.25, ni chanya, sawa.

Hatari kubwa zaidi ni kugawa kwa x. Wanafunzi huona x² > 4x, wanagawa, wanapata x > 4. Lakini jaribu x = −1: upande wa kushoto 1, wa kulia −4, na 1 > −4 ni kweli. Hatujui kama x ni chanya au hasi, kwa hiyo hatujui kama alama igeuke au ibaki. Wahamishe kila kitu upande mmoja: x(x − 4) > 0, jibu x < 0 au x > 4. Tungependa kugawa kwa x kupigwe marufuku kabisa katika mada hii mpaka wakomae.

Swali lisipokuwa na vigawo, darasa zima linakwama.

Tafuteni b² − 4ac, ambapo a, b na c ni namba zilizo katika ax² + bx + c. Ikiwa chanya, mipaka ipo, itafuteni kwa fomula. Ikiwa hasi, parabola haigusi mhimili wa x, hivyo iko yote juu au yote chini kutegemea namba iliyo mbele ya x². Kwa x² + x + 1 > 0, b² − 4ac ni −3 na parabola iko juu yote: kila namba halisi ni jibu. Kwa x² + x + 1 < 0 hakuna jibu. Waambie wazi kwamba "hakuna" ni jibu kamili, maana wengi wakilifikia wanadhani wamekosea na kufuta kazi yote.

Ikiwa b² − 4ac ni sifuri, angalieni alama kwa makini: x² − 6x + 9 ≤ 0 ina jibu moja tu, x = 3, lakini x² − 6x + 9 > 0 inakubali namba zote isipokuwa 3.

Grafu zao zina kitako bapa, au zina nukta moja iliyoruka mbali na nyingine.

Nukta iliyoruka karibu kila mara imetokana na mabano. Kwa y = x² − 3x − 4, x ikiwa −2, jibu ni 4 + 6 − 4 = 6. Anayebonyeza −2² kwenye kikokotoo bila mabano hupata −4, na y inakuwa −2. Waandike (−2)² daima, hata kwenye jedwali.

Kitako bapa kina sababu nyingine. Katika fanksheni hiyohiyo, x = 1 na x = 2 zote zinatoa −6, na mwanafunzi anaziunganisha kwa rula. Nukta ya chini kabisa iko kati yake, x = −b/2a = 1.5, ambapo y = −6.25. Iongezwe kwenye jedwali kabla ya kuchora. Kwa x kutoka −2 hadi 5, skeli ya sm 2 kwa kizio kimoja cha x na sm 1 kwa kizio kimoja cha y inaenea vizuri kwenye karatasi ya grafu. Mkunjo uchorwe kwa mkono, kwa mpigo mmoja.

Kukamilisha mraba wanakariri tu. Kuna njia ya kuuonyesha?

Ipo, na ni ya karne ya 9: al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad, aliutatua x² + 10x = 39 kwa kuchora. Chora mraba wa upande x. Gawa 10x katika mistatili miwili ya 5 kwa x, bandika mmoja kulia na mwingine chini. Kona inabaki wazi, na ukubwa wake ni 5 × 5 = 25. Ukiijaza, mraba mkubwa una eneo la 39 + 25 = 64, upande wake ni 8, basi x + 5 = 8 na x = 3. Mchoro hauonyeshi jibu hasi, −13. Hilo waongezee kwa aljebra. Karatasi na mkasi vinatosha.

Maswali ya maelezo yanawashinda hata wanaojua kutatua.

Tumia jambo wanaloweza kulichora. Mfugaji ana wavu wa mita 40 na anataka banda la kuku la mstatili lenye eneo lisilopungua mita za mraba 96. Upana uweje?

Urefu na upana kwa pamoja ni 20, kwa hiyo upana ukiwa x, urefu ni 20 − x. "Lisilopungua" ni ≥, na hapa wengi huandika ≤ kwa sababu wamesikia neno "pungua". Basi x(20 − x) ≥ 96, yaani x² − 20x + 96 ≤ 0, yaani (x − 8)(x − 12) ≤ 0. Upana uwe kati ya mita 8 na 12, pamoja na hizo zenyewe. Eneo kubwa kuliko yote ni 100, x ikiwa 10.

Kisha geuza swali: eneo liwe chini ya 96. Aljebra inasema x < 8 au x > 12, lakini banda haliwezi kuwa na upana wa −3 wala wa 25. Upana lazima uwe kati ya 0 na 20, hivyo jibu ni 0 < x < 8 au 12 < x < 20. Mpaka huo wa 0 na 20 uandikwe juu ya ukurasa kabla ya kuanza kutatua, maana ukiachwa hadi mwisho husahaulika.