Mbona watu wa Pompeii hawakukimbilia baharini?

Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 12, nakaa Likoni. Tumesoma habari za Pompeii, mji wa Warumi uliozikwa na volkano. Kaka yangu asema watu wake waligeuka mawe. Mimi nashangaa: bahari ilikuwa karibu, mbona hawakupanda vyombo wakaenda zao? Na sisi Mombasa, yaweza kutupata?
Msomaji wa Likoni

Marahaba, mwanangu. Babangu alikuwa nahodha wa jahazi, na najua swali lako la vyombo ndilo angelianza nalo yeye. Basi nami naanza nalo.

Wengi waliondoka. Pompeii inakisiwa kuwa na watu zaidi ya 10,000, na miili iliyopatikana huko imepita 1,000 kidogo tu, ingawa kama theluthi ya mji bado haijafukuliwa. Waliobaki wasidhaniwe wajinga. Mlima Vesuvius, ndiyo volkano yenyewe huko Italia, ulikuwa umetulia kwa karne nyingi na mitelemko yake imejaa mizabibu. Mwaka 62 tetemeko kubwa lilibomoa nyumba nyingi, watu wakajenga upya, na mwaka 79, mlima ulipolipuka, mafundi walikuwa hawajamaliza. Siku chache kabla ya mlipuko ardhi ilitikisika tena, lakini mtu wa sehemu zile alishazoea kutikiswa.

Tunayajua haya kwa sababu kijana wa miaka 17 aliyaona kwa macho yake, na miaka mingi baadaye akamwandikia mwanahistoria Tacitus. Twamwita Pliny Mdogo. Alikuwa Misenum, ng'ambo ya ghuba ya Napoli, kiasi cha kilomita 30 kutoka mlimani, kwa mjomba wake Pliny Mkubwa, aliyekuwa mkuu wa manowari za Roma hapo bandarini. Yapata saa saba mchana mama wa kijana aliona wingu la ajabu. Lilipanda kama shina la mti, halafu juu likatanda matawi. Mjomba akamwalika wende pamoja kulitazama kwa karibu. Kijana akasema afadhali abaki na masomo yake. Kazi ile ya masomo ndiyo iliyomwokoa.

Mjomba alikuwa anatoka ikamfikia barua ya mwanamke aitwaye Rectina, aliyeishi chini ya mlima, akiomba aokolewe. Hapo akaamuru merikebu kubwa za makasia zishushwe. Alikwenda kutazama, sasa anakwenda kuokoa watu! Namheshimu sana mzee yule. Majivu na mawe mepesi yenye vitundu, yale yanayoelea majini, yakawa yanaanguka juu ya sitaha. Ufukoni hapakukaribika, akageuza kuelekea mji wa Stabiae, na upepo ukiwa nyuma yake ukamfikisha upesi.

Jibu lako ndilo hilo, mwanangu. Upepo uliomwingiza Stabiae ndio uliowazuia wengine kutoka. Rafiki yake Pomponianus alikuwa ameshapakia mizigo yake chomboni, anangoja tu upepo ugeuke. Haukugeuka. Wewe wa Likoni wajua bahari ikichafuka inakuwaje, na hao walikuwa na upepo wa mbisho, giza mchana kutwa, na mawe yakiwamiminikia. Usiku ule mzee alilala hata akasikika akikoroma, mpaka ua wa nyumba ukajaa majivu na mawe, wakamwamsha asije akazibiwa mlango. Wakajifunga mito vichwani kwa vitambaa, wakashuka pwani. Mawimbi bado makali. Akatandikiwa kitambaa akajilaza, akaomba maji, na hapo pwani akafa.

Wa mji wa Herculaneum ndio wanaoniuma zaidi, maana wao walifanya hasa unavyouliza. Mji wao ulikuwa upande ambao upepo haukupeleka mawe siku ya kwanza, wakapata nafasi ya kushuka ufukoni. Kuanzia miaka ya 1980 wafukuaji wamekuta mifupa ya watu kama 300 pale pale, wengi wamejibanza ndani ya vyumba vya matao vilivyokuwa vikiwekwa mashua. Kulikuwa na watoto. Kulikuwa na funguo za nyumba, kwa sababu walitumai kurudi. Usiku wingu lile zito likaporomoka, na wimbi la gesi ya moto na majivu likateremka mlimani kwa kasi isiyokimbilika. Asubuhi mawimbi kama hayo yakaifikia Pompeii.

Kaka yako mwambie hakuna aliyegeuka jiwe. Majivu yaliwafunika watu yakagandamana. Miili ilipokwisha kuoza, pakabaki uwazi wenye umbo la mtu. Mwaka 1863 Giuseppe Fiorelli, msimamizi wa ufukuaji, akaanza kumimina plasta katika uwazi ule, ikakauka, ikatoka sura kamili: mikunjo ya nguo, hata mbwa aliyekufa kwenye mnyororo wake. Ndani ya plasta ile mna mifupa ya kweli. Mwaka 2024 wataalamu walipima vinasaba vyake, na mtu mwenye bangili ya dhahabu, ambaye siku zote aliitwa mama wa mtoto aliyekuwa karibu naye, akabainika kuwa mwanamume asiye na nasaba na mtoto yule. Mimi napenda kufikiri alimchukua mtoto wa jirani.

Mombasa usihofu. Kisiwa chetu kimesimama juu ya mawe ya matumbawe, hakuna volkano chini yake. Lakini majirani tunao. Waulize Wangazija wa mtaani kwenu, watu wa visiwa vya Komoro, juu ya Karthala, mlima wa kwao ulioripuka mwaka 2005, majivu yakaharibu maji ya kunywa kwenye mabirika. Na hapa Kenya, Tsavo Magharibi, karibu na milima ya Chyulu, iko lava nyeusi iitwayo Shetani, iliyomwagika miaka mia chache tu iliyopita. Shule yenu ikipanga safari ya Tsavo, mwombeni dereva asimame hapo. Vaeni viatu vya kufunika mguu, si ndara, maana mawe yale yanakata.