Homa ya mtoto na maji ya mwarobaini: mi yalinikuta

Umeuliza mtoto wako wa miaka miwili ana homa toka jana, umpe maji ya mwarobaini uliyochemsha au la, na picha ya mti ulikochuma majani umetuma. Usimpe ndugu yangu, mpeleke akapimwe leo hii hii, habari za mti tutaongea baadae.

Na sio kwamba nauponda, mi nimelelewa na bibi Pangani na uani kwetu ulikuwepo mmoja mkubwa, mchana kutwa tuko chini yake. Nilivyopata tetekuwanga bibi alichemsha majani sufuria zima, yakapoa, nikawa naogeshwa asubuhi na jioni na muwasho ukatulia nikalala. Upele nao hivohivo, majani yanatwangwa na manjano unapakwa. Mahindi ya kuweka ndani tulichanganya na majani makavu, na hili hata mabwana shamba wanalijua, kwenye mbegu zake kuna kitu kinaitwa azadiraktini kinamvuruga mdudu hakui wala hazaani vizuri.

Shida ni kunywa. Bibi kila homa ilikuwa nusu kikombe, chungu balaa, unabanwa pua ndo unameza, na wanavyosema unatibu magonjwa arobaini nani abishe? Basi niko chuo Dar homa ikanishika, nikaona foleni ya nini, nikachemsha nikanywa siku tatu. Siku ya pili mwili ukawa mwepesi nikajiona mjanja kweli, ya nne natapika kila kitu hata maji, mwenzangu wa chumbani akanipakia kwenye bodaboda. Malaria, tena kali, nikachomwa sindano za artesunate ndo nikamalizia na dawa mseto. Daktari wala hakunicheka, alisema hata dawa mseto asili yake ni mmea, pakanga wa Kichina, ila ile wamepima kila kidonge kina kiasi gani, sufuria yako wewe leo kali kesho maji matupu.

Kwa watoto ni mbaya zaidi. Mafuta ya mbegu za mwarobaini ndo usiguse kabisa, kule India na Malaysia kuna vichanga walionyweshwa wakapata degedege na ini kuharibika, wengine wakafa. Mama mjamzito pia asinywe.

Afu nimeangalia ile picha yako ya mti mara mbili. Maua ya zambarau yale, na kikonyo cha jani kinagawanyika tena vikonyo vidogo vidogo, huo ni mmelia sio mwarobaini. Mwarobaini maua yake meupe na vijani vimejipanga kulia na kushoto kwenye kikonyo kimoja tu, kingo kama msumeno. Watu wanaichanganya sana ni ndugu, ila matunda ya mmelia ni sumu. Kwahiyo hayo uliyochemsha kamwage, na kama alishaonja hata kijiko mwambie daktari ukifika, usione aibu.