Injini ikipona, USIRUKE. Narudia: usiruke

Dogo, umeuliza kuhusu kupita na ndege ndogo juu ya ardhi ya Wanavajo, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani; mambo ya futi ngapi na kamera weka pembeni kwanza. Umeandika kwamba injini ikizimika juu ya ardhi hiyo utatua barabarani, "ikiwaka tena naondoka zangu, anga ni ya serikali kuu." Maneno hayohayo ndiyo yaliyonifilisi, na naona walimu wa urubani wa huku Arizona bado wanayagawa kama peremende.

Anga kweli ni ya serikali kuu, na anayeipangia kanuni ni FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, si kabila. Kanuni ya 91.3 inakuruhusu kukiuka masharti ukiwa kwenye dharura angani, lakini isome hadi mwisho: kwa kiasi tu kinachohitajika kuikabili dharura hiyo. Magurudumu yakishasimama, dharura gani tena? Hapo uko kwa watu, wenye serikali yao, polisi wao na mahakama yao.

Mimi kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa, iliganda barafu, injini ikazimika, nikatua kwenye barabara ya vumbi katika ardhi ya kabila moja (silitaji, hawakunikosea lolote). Nilitua vizuri kuliko siku ya mtihani wa leseni. Mzee mmoja akashuka kwenye pikapu, akanipa maji, akasema ameshawapigia polisi wao, nisubiri. Mjuaji mimi nikampigia mwalimu wangu. Akacheka: "Barafu imeshayeyuka, ondoka kabla hawajafika."

Nikawasha. Injini safi kabisa! Nikageuza ndege kwenye kibarabara kile, bawa la kushoto likanasa nguzo ya uzio, pua ikazunguka, propela ikachapa tuta. Waya ukalegea, kondoo wa mzee wakatoka mmoja mmoja wakipita chini ya bawa, naye ananitazama tu, chupa ya maji yake bado iko mkononi mwangu.

Kuanzia hapo ni bili. Propela ikichapa ardhi, fundi makini haiachi injini bila kuifungua. Uzio nililipa. Mabawa yakang'olewa, Cessna ikapanda lori, nadhani mimi ni miongoni mwa marubani wachache waliosafiri na ndege yao kwa barabara. Bima wakauliza: ulikuwa unatua au unaondoka? Nikakosa jibu. Na mwalimu? Alipoiona bili akanikumbusha kwamba rubani mwenye dhamana ya ndege nilikuwa mimi, yeye alikuwa "anashauri tu." Mshenzi mkubwa, na kisheria yuko sahihi.

Kwa hiyo ukitua: zima, chomoa funguo, mtafute mwenyeji. Fundi aingie kwa ruhusa yao, ndege iondoke kwa ruhusa yao, hata kama injini inaimba. Panga njia ipite karibu na viwanja vya ndege vya Wanavajo, Chinle, Kayenta, Window Rock. Huo wa mwisho uko zaidi ya futi 6,700 juu ya usawa wa bahari, adhuhuri ya joto utaona ndege inavyogoma kupanda. Na ukiambiwa fundi anakuja saa mbili asubuhi, uliza saa mbili ya nani: Wanavajo husogeza saa majira ya kiangazi, Arizona iliyobaki haisogezi.