Pikipiki tano, kadi mbili

Marahaba, mwanangu. Umetuuliza sisi wazee pikipiki gani tumewahi kumiliki na ipi tungeinunua tena kesho. Halafu mwishoni ukadokeza, kama jambo la kupita tu, kwamba umepata moja iliyotumika kwa bei nzuri na mwenyewe amekwambia "kadi itafuata", yaani ile kadi ya usajili inayoonyesha chombo ni cha nani. Hapo ndipo nilipovaa miwani.

Mimi nilikuwa bwana shamba bonde la Kilombero, miaka mingi upande wa Ulanga, kuanzia Lupiro kupanda Mahenge na kushuka hadi Malinyi. Sasa nimestaafu. Nimepanda pikipiki tano. Kadi zenye jina langu ni mbili, na moja kati ya hizo mbili ilifika mahali haikuwa yangu tena ila jina lilikuwa bado langu. Hesabu hiyo nitakufungulia.

Ya kwanza ilikuwa Honda C70 ya mjomba, tukiiita Honda sabini. Kijana wa leo akiiona anacheka: haina mkono wa klachi. Unakanyaga gia kwa mguu na klachi inajiachia yenyewe. Gia tatu, ngao mbili za kukinga miguu, tairi nyembamba. Mjomba alikuwa mwalimu, na miguu ilipoanza kumsumbua, mwaka 1986, akanikabidhi. Maneno yake yalikuwa: "Tumia. Lakini ni yangu." Na hakutania. Kila mwisho wa mwezi nilipompelekea salamu alivaa miwani, akainama kusoma kilomita kwenye saa, akaandika kwenye daftari la shule. Siku moja akaniuliza mbele ya wageni, "Hizi kilomita 41 za Jumapili ulikwenda wapi?" Nilikuwa nimekwenda kwa mchumba. Shangazi yenu, ndiye mchumba huyo, anasema hadi leo kwamba mjomba alijua habari zetu kabla ya mshenga.

Ile Honda ilikula petroli kama vile inanusa tu. Tatizo lake kule kwetu lilikuwa masika. Ule mfinyanzi mweusi wa bondeni ukilowa unaganda kwenye tairi, unajaa chini ya mudgadi, na gurudumu la mbele linakataa kabisa kuzunguka. Nilifunga kijiti kwenye keria kwa mpira wa tyubu, kazi yake kuchokoa tope tu. Unakwenda mita mia mbili, unashuka, unachokoa, unapanda. Kuna siku mkulima alinipita kwa miguu, akanisalimia kwa heshima zote, akatangulia shambani, nikamkuta ameshakaa.

Mjomba alipofariki watoto wake walikuja kuichukua na daftari lake. Sikuwa na neno. Ilikuwa yao.

Ya pili ni Yamaha AG100, ya mradi, miaka ya tisini mwanzoni. Hapa nitakaa kidogo, maana hii watu wengi hawaijui. Ilitengenezwa kwa kazi ya shamba. Cheni yake imefunikwa na boksi zima, kwa hiyo mchanga na tope havigusi; cheni moja unaisahau miaka. Ina keria mbele na nyuma. Ina stendi mbili za ubavuni, kushoto na kulia, ili hata kwenye mteremko upate upande wa kuegemea. Mkono wa klachi una kijiti cha kuufungia, unaweza kuiacha imewaka na gia imeingia ukashuka kufungua lango. Aliyeibuni alikuwa amewahi kushika jembe, au alimsikiliza aliyelishika.

Injini yake ni ya mipigo miwili, yaani oili inaungua pamoja na petroli, lakini huchanganyi mwenyewe: kuna tanki dogo la oili pembeni na pampu inajipimia. Tanki hilo ndilo lilitaka kunitia matatani. Mwenzangu ofisini aliiazima kwenda msibani, akajaza petroli vizuri, oili hakuitazama. Alipokaribia Lupiro injini ikakamata, tairi la nyuma likaburuta na yeye akatua kwenye mpunga wa watu. Pistoni ilikuwa imechanika ubavu kama imekwanguliwa na panga. Mwezi mzima nikarudi kwenye baiskeli.

Na injini za namna hiyo zinaziba bomba la moshi kwa masizi. Ukiona pikipiki imeanza kuchoka mlimani bila sababu, fundi wetu alikuwa akichomoa kile kichujio cha ndani ya bomba, anakiweka juu ya makaa kama mhogo, mafuta yanaungua, moshi mzito unafuka, watoto wanakimbia. Kikishakuwa chekundu anakigonga kwenye jiwe, masizi yanadondoka vipande vipande. Unarudishia, na pikipiki inapanda Mahenge kama imetolewa dukani.

Wakati huo daraja la Kilombero halipo. Ni kivuko, na kivuko kikiharibika ni mtumbwi. Kuipakia AG kwenye mtumbwi wa mti mmoja: watu wanne, wawili ndani ya maji. Unafunga bomba la petroli kwanza, unaingiza gurudumu la mbele, unasukuma polepole mpaka imesimama katikati, halafu wewe unakaa nyuma yake umeikumbatia, umebana breki, hupumui. Mpiga kasia anakuhadithia habari za mamba. Kila safari. Sijui kwa nini walipenda hadithi hiyo hasa wakiwa katikati ya mto.

Mradi ulipokwisha vyombo vyote vilikusanywa. Tuliambiwa wenye nazo tutapewa nafasi ya kwanza kuzinunua. Tuliandika barua. Zilikwenda mnadani mjini siku ambayo sisi tulikuwa vijijini tunapima mashamba. Basi.

Sasa ya tatu, ambayo ndiyo jibu la swali lako, na ndiyo sababu ya mimi kuandika marefu hivi usiku huu.

Mwaka 1999 nilinunua Honda XL125S kwa ofisa mwenzangu. Yeye aliipata kwenye mnada wa vyombo chakavu vya serikali. Sikupata kuona pikipiki iliyolingana na ile njia kama hiyo. Mudgadi ya mbele iko juu kabisa mbali na tairi, kwa hiyo kijiti cha tope nilikitupa. Shokapu ndefu. Injini ya mipigo minne, inanguruma taratibu, ukiwa gia ya pili unaweza kupita kwenye madimbwi bila kuishika klachi. Upungufu ni taa: umeme wake ni volti 6, na injini ikipungua kasi taa inakuwa kibatari. Usiku nilijifunza kupanda kwa kukumbuka njia.

Nilimlipa taslimu. Akanipa stakabadhi ya mnada, yenye jina lake, akasema kadi inashughulikiwa Morogoro, itafuata. Tulikuwa tunakula meza moja, mwanangu. Ningemdai nini? Mwaka uliofuata akahamishwa mkoa mwingine. Nikamwandikia, akajibu vizuri, kadi itafuata. Halafu zikaja habari kwamba amefariki.

Nilikwenda msibani kwao, na baada ya arobaini nikarudi na stakabadhi yangu. Mjane alikuwa mama mwema lakini hakujua lolote. Watoto wakubwa walinisikiliza, wakatazamana, mmoja akasema baba hakuwahi kuwaambia kama aliuza pikipiki. Sikumlaumu. Ningekuwa mimi, mtu nisiyemjua anakuja na karatasi iliyokunjwa mara nane yenye jina la marehemu baba yangu, anasema chombo ni chake, ningemtazama vilevile.

Siku moja nikasimamishwa Kidatu. Kadi? Nikatoa stakabadhi. "Huyu ndiye wewe?" Siye. "Yuko wapi?" Amefariki. Askari akaninyamazia kitambo, akaniambia niiegeshe. Iliegeshwa siku tatu. Nilirudishiwa kwa barua ya ofisini na maneno mengi, na toka hapo sikuthubutu kuitoa barabara kuu. Miaka sita nimeipanda vichochoroni, kwenye tuta za mashamba, kama mtu aliyeoa bila wazazi kujua. Siwezi kuikatia bima, siwezi kuiuza. Ipo mpaka leo bandani, tairi zimekaa chini, na nikipita naigusa usukani.

Umeuliza ningenunua ipi tena. Hiyo.

Ya nne ilikuwa ya Kichina, jina silitaji maana zilikuwa nyingi na zote ndugu moja. Zilipoingia, bodaboda zikaanza kujaa hata vijijini, na baadaye kanuni za mwaka 2010 zikaja kuzitambua. Watu wanazidharau lakini kitu kimoja wasichokisema ni kwamba injini nyingi kati ya zile ni nakala ya Honda CG125 ya mwaka 1976, ile ya kusukuma valvu kwa pushirodi, yaani vijiti vya chuma. Haina cheni ya ndani ya kulegea. Fundi yeyote wa chini ya mwembe anaifungua akiwa na spana nne. Injini haikunisumbua, vilivyonisumbua ni vilivyoizunguka: nati zinalegea, spoki zinakatika, siti inapasuka. Kila Jumamosi ni kuzunguka na spana.

Hiyo ilikuwa mpya na kadi ilitoka kwa jina langu. Niliitazama ile kadi kama cheti cha ndoa. Nikampa mpwa wangu aifanyie bodaboda kwa mkataba: hesabu, yaani malipo yangu, elfu saba kwa siku, miezi kumi na minne, akimaliza ni yake. Mvua na malaria vikamchelewesha, akamaliza kwa miezi kumi na sita. Alileta hesabu ya mwisho jioni, noti zimenyooshwa moja moja, akanywa chai, akauliza kwa adabu, "Mjomba, na kadi?"

Unajua nilimjibu nini? Nilimjibu itafuata.

Si kwamba nilitaka kumdhulumu. Kwenda mjini ni nauli, ni siku mbili za kazi, ni ada, ni picha, namba ya mlipakodi yake na yangu, ni mkataba wa kugongewa muhuri. Nilikuwa na uvivu wa mtu ambaye hadai kadi, anadaiwa. Ikapita miezi. Halafu mchana mmoja nikapigiwa simu kutoka kituoni: pikipiki yako imemgonga mtu.

Mpwa alikuwa anaumwa, akampa deiwaka, kijana wa kushika pikipiki kwa siku. Kijana wa watu akaingia kwenye kona kwa kasi, akamgonga mama aliyebeba beseni la perege kichwani. Mama akavunjika mguu. Deiwaka akakimbia. Na polisi wakifungua kadi wanamwona nani? Mimi. Mpwa wangu amesimama pale anasema ni yangu, nimemaliza hesabu, na mimi nasema kweli ni yake, na karatasi inatukatalia wote wawili. Nikaona wale watoto wa marehemu wanatazamana, safari hii nikiwa upande wa baba yao. Tulimhudumia yule mama nusu kwa nusu mpaka akatembea. Wiki hiyohiyo nikapanda basi na mpwa, tukarudi na kadi yenye jina lake.

Ya tano ni Boxer niliyo nayo sasa, ya mwaka 2017. Haina makuu. Mafuta kidogo, vipuri kila duka, na sasa kuna daraja, unavuka Kilombero huku umekaa, hakuna wa kukuhadithia mamba. Wanangu wanataka niache kupanda. Tunaendelea kujadiliana.

Sasa hiyo yako. Usiulize bei kwanza. Chukua kitambaa chenye petroli kidogo, futa shingo ya fremu, pale usukani unapoingilia. Namba ya chasisi imegongwa hapo. Pitisha kidole: kama chuma kina mawimbi, au rangi ya hapo ni mpya kuliko ya jirani yake, rudisha kitambaa mfukoni uage. Kama ni safi, linganisha na kadi herufi kwa herufi, halafu namba ya injini pia. Kadi yenyewe, si picha ya kwenye simu. Jina la kwenye kadi ndilo linalotakiwa kusaini mkataba wa mauziano. Asiwe shemeji yake wala rafiki yake.

Na siku ya kulipana mwende wote wawili TRA, mamlaka ya mapato, hela ikiwa bado mfukoni kwako. Akikubali, nitumie picha ya sproketi ya nyuma, lile gurudumu la meno linalovutwa na cheni, kwa karibu, meno yaonekane. Kama haijabadilishwa, nitakwambia imetembea kidogo au sana, maana saa ya kilomita huwa inarudishwa nyuma, ila meno yaliyolika hayarudi.